Baba, Vaa Kioo Hiki Kabla Hujauza Mashine

Buguruni,
Dar es Salaam.
Jumatano, mchana.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa Mama, maana najua ndiye aliyeshika karatasi hii, na wewe umekaa kwenye kiti chako cha kamba, umeegemea ukuta, unajifanya husikilizi. Mama, naomba usome polepole na usiruke mahali popote, hata pale nitakapokutaja wewe. Hamjambo wote? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa au bado anawazungusha? Huku sisi ni wazima kabisa. Neema anawasalimu sana. Mjukuu wenu Careen ameota meno mawili ya mbele na sasa anang'ata kila kinachopita karibu na mdomo wake, bega langu likiwemo.

Kabla sijaenda mbali, Baba, nina ombi moja, nalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya maneno mengi. Shangazi ameniambia kuna mtu wa Moshi mjini anakuja mwisho wa mwezi kuchukua mashine yako ya kuchomelea. Usimpe. Nakuomba kwa magoti. Sikiliza barua hii mpaka mwisho, fungua mfuko atakaokuletea Shemeji Baraka, vaa kilichomo, washa mashine, ndipo uamue. Ukishajaribu bado ukataka kuuza, uza, sitasema neno. Ningekwambia kwenye simu, lakini wewe nikitaja tu mashine unasema "haya, ongea na mama yako," na simu inahama hapo hapo. Ndiyo maana nimenunua karatasi.

Sasa kwanza niungame. Ile Jumapili uliponiuliza kwenye simu, "Kofia yangu ikoje?" nikakujibu, "Nzima Baba, iko safi," nilikudanganya. Kofia ya kuchomelea ilikuwa nzima kweli. Kioo chake ndicho kilikuwa kimevunjika siku tatu nyuma, na nilikivunja mimi mwenyewe kwa hasira zangu. Kile kile cheusi alichokuletea marehemu Mjomba Felix Krismasi ile kutoka bandarini, amekifunga kwenye gazeti ndani ya soksi, akasema mbele ya watu wote, "Shemeji, hiki ndicho kioo cha mafundi wa meli." Nakumbuka ulivyokipokea kwa mikono miwili. Na siku ulipoamua macho yako yamekwisha ukanikabidhi kofia yote, uliniambia neno moja tu: tunza kioo. Nisamehe, Baba. Sikukitunza.

Ilikuwa hivi. Fundi Seif, bosi wangu, ni mtu wa hapa hapa Pwani, mfupi, mdomo haumkauki maneno. Ananiita Mangi kama wanavyotuita Wachaga wote mjini, hata wale wasiokuwa na duka. Tulipata kazi ya geti na grili za ngazi kwenye nyumba ya ghorofa huko Kariakoo, upande wa Msimbazi. Miaka yote hii Fundi Seif alikuwa akinipa kukata, kusaga na kushikiza vyuma kwa nukta mbili tatu, halafu yeye anakuja kumalizia. Safari hii akaniambia, "Mangi, geti hili lako. Chomelea mwanzo mpaka mwisho." Nilifurahi nikashindwa kula.

Lakini macho, Baba. Sijawahi kuwaambia vizuri habari za macho yangu kwa sababu sikutaka Mama aanze kufunga na kusali. Tangu nianze kuvaa kofia ile, kila nikiamka nahisi kama mtu amenimwagia mchanga machoni. Machozi yananitoka kwenye daladala mpaka watu wananipa pole ya msiba. Na nikishusha kofia kuchomelea, sioni kitu. Naona nukta ndogo ya moto katikati ya giza, basi. Nikawa nafanya kazi kwa masikio. Sauti ikienda chwaaa vizuri, naendelea. Ikianza kukohoa, najua nimetoka kwenye njia. Nilikwenda hospitali wakanisomesha zile herufi za ukutani, nikazisoma mpaka mstari wa chini kabisa, wakasema macho yangu hayana tatizo. Mimi nikatoka pale nikiwalaumu kwamba herufi zao ni kubwa mno.

Maana nilikuwa nimeshajua ugonjwa wangu. Si Shangazi alishasema? "Hayo ni macho ya ukoo. Yamemwacha baba yako, sasa yanakuacha wewe." Niliamini. Nilishamwambia Neema tuanze kufikiria kurudi nyumbani, nije nilime kahawa na wewe, wanaume wawili wasioona wanagongana kihambani kati ya migomba. Neema akaendelea kukuna nazi.

Basi nikachomelea upande wa kwanza wa lile geti. Fundi Seif akaja kukagua. Akainama. Akazunguka upande wa pili. Akapitisha kidole.

"Mangi," akasema, "hapa umechomelea, au kuku wamepita?"

Watu wote karakana nzima wakaangua kicheko. Nikatazama. Baba, chuma nilichokiyeyusha kilikuwa kimelala pembeni ya kiungio, kidole kizima kutoka pale kilipotakiwa kuwa. Kiungio chenyewe kiko wazi, kinanicheka. Fundi Seif alipoona uso wangu akaacha utani. Akasema taratibu, "Sikiliza, kaka. Nikirudishiwa kazi hii na mwenye nyumba, nitakuweka kwenye rangi. Si kwa ubaya."

Kwenye rangi! Miaka yote hii mjini nije niwe mpiga rangi wa kazi za wenzangu! Nikaivua kofia nikaitupa. Iligonga bomba, nikasikia ule mlio, na karakana yote ikageuka kutazama, kwa sababu kila mtu pale anajua kofia ile ni ya baba yangu. Nikaiokota, nikakitazama kioo. Mjomba alikuwa vipande viwili.

Ndipo msafara wa kutafuta kioo ulipoanza. Mama, hapa unaruhusiwa kucheka.

Kwanza nilikwenda kwa fundi vioo mmoja Kariakoo, nikamwambia nataka kioo cheusi kuliko vyote alivyo navyo, kipimo cha kile kilichovunjika. Akanionyesha kipande cha kioo cha mlango wa ofisi, kile ambacho waliomo ndani wanakuona na wewe huwaoni. Akanikatia vizuri sana, pembe nne zimenyooka. Nikakitia kwenye kofia, nikawasha. Mama yangu! Ilikuwa kama nimefungua mlango jua likaingia lote kwa pamoja. Nilishinda siku mbili nimelala chali na vipande vya viazi mbatata machoni, Neema akivigeuza kama chapati. Siku ya pili akasema, "Hivi viazi tulivyobakiza si bora tuvikaange tu?"

Nikarudi tena Kariakoo. Kuna jamaa anapanga bidhaa zake kwenye turubai kando ya barabara, ana kofia mpya zinang'aa, zimechorwa moto na mafuvu. Akaniambia, "Broo, hii ni otomatiki. Ukiwasha tu inajitia giza yenyewe, ukizima inafunguka. Huinui kofia, hushushi." Nikaona hapa ndipo mkombozi wangu alipo. Nikainunua. Nilipoanza kazi ikawa inajitia giza, inafunguka, inajitia giza, inafunguka, mpaka nikahisi kofia inanikonyeza. Nikaipeleka kwa yule jamaa.

"Hiyo inataka jua kidogo, broo," akasema.

"Mimi nafanya kazi chini ya bati!"

"Basi toa bati."

Hakurudisha hela, lakini nilicheka njia nzima, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nitupe kofia yako.

Ilibaki siku moja ya Fundi Seif kunivumilia. Alinipa siku hiyo mwenyewe, akasema nisirudi bila kioo. Nikauliza duka moja wakanituma la pili, la pili wakanituma kwa Bi Hansa. Bi Hansa ni mama wa Kihindi, mtu mzima kama wewe Mama, ana duka jembamba la vifaa vya chuma nyuma ya mtaa wa wauza vitambaa. Unaingia kiubavu. Bawaba huku, makufuli huku, rangi mpaka juu ya dari, na yeye amekaa katikati kwenye stuli ndefu, miwani imening'inia kifuani, udi unafuka mbele ya picha za miungu yake. Kiswahili chake ni cha mjini kabisa, kinanishinda mimi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema."

"Nataka kioo cha kofia ya kuchomelea. Cheusi kuliko vyote ulivyo navyo."

Akaniangalia juu chini. "Cheusi kuliko vyote, unachomelea jua?"

Nikamtolea vipande vya Mjomba, nilivifunga kwenye leso. Nikamwambia nataka hivi hivi, ni kioo cha baba yangu. Akachukua kipande kimoja, akavaa miwani, akakifuta kwa upindo wa sari yake. Kwenye pembe palikuwa na tone la rangi ya zamani, wewe unalijua, lile la kijani. Akalikwangua kwa ukucha. Chini yake pana namba, Baba. Miaka yote hii pana namba.

"Kumi na nne," akasema. "Moto wa mashine yako unauweka ngapi?"

"Mia. Bomba likiwa nene, mia na kumi."

"Kazi gani?"

"Madirisha. Mageti."

Akacheka, Baba. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akaona mimi sicheki, akaacha, akanivutia ndoo ya rangi nikae. Akanieleza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kioo halisi cha kuchomelea, chenye namba, kinazuia ile mionzi mibaya yote, kiwe kumi au kiwe kumi na nne. Namba inavyopanda inaongeza giza tu. Kumi na nne ni kwa moto mkubwa mno, wa mitambo mikubwa, moto ambao mimi na wewe hatujawahi kuushika. Kwa moto wa madirisha na mageti, kumi inatosha.

"Lakini Mama," nikamwambia, "macho yananiuma na hili giza lote. Nikilipunguza si nitapofuka?"

"Yanakuuma kwa sababu huoni. Mtu asiyeona anafanyaje? Anainua kofia, anagusa chuma kwa kijiti cha kuchomelea kwanza apate mahali, moto ukishawaka ndipo anaishusha. Nasema uongo?"

Nani alimwambia? Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kutwa nzima, kila kijiti. Mwanga wote nilikuwa nikiula kabla kofia haijashuka.

"Nimeuzia mafundi tangu nilipoolewa," akasema. "Wote wanakuja wanataka cheusi. Wanadhani giza ndiyo dawa."

Akanipa kioo cha namba kumi. Hakutaka hela kwanza. Akaniambia nizunguke nyuma kwa fundi anayetengeneza mikokoteni, nimwambie Bi Hansa kasema nipige kijiti kimoja. Nisipoona, nirudishe kioo na niende zangu.

Yule fundi alikuwa na mkokoteni umekatika mhimili, akanipisha. Nikatia kioo kwenye kofia yako. Kilikaa sawasawa, hakichezi, sikuhitaji kukikazia kwa mpira wa tyubu. Nikashusha kofia kwanza, nikagusa.

Baba.

Unakumbuka nilipokuwa mdogo, nakushikia vyuma, nimegeuza uso pembeni kama ulivyoniamuru? Ulikuwa ukiniambia, "Siku ukichomelea, usiangalie moto. Angalia maji ya chuma yaliyo nyuma yake, uyafuate." Mimi nilikuwa nikiitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Nimefika mjini, nimechomelea miaka minne, na nikuambie leo, sikuwahi kuyaona. Nilidhani ni namna yako tu ya kusema.

Nimeyaona! Yako pale, madogo, mekundu, yanang'aa, yana ukingo kabisa, yanasogea nikisogea, yanasimama nikisimama. Naona kiungio kulia na kushoto. Naona chuma kinavyoshikana na chenzake. Nilipiga kelele chini ya kofia mpaka yule fundi akaniuliza kama nimeungua. Nikamaliza mhimili wake wote. Kijiti kilipokwisha nikakaa kwenye mkokoteni, nikainua kofia, nikaanza kulia. Watu wa Kariakoo hawana muda na mtu anayelia, walipita tu na mizigo yao, na mimi nikalia vizuri.

Sikuwa nalia kwa ajili yangu. Nilikuwa nahesabu. Mama, hapa tafadhali punguza mwendo, na kama unataka kunywa maji kwanza, kunywa, kwa sababu ninamtaja kaka yako.

Jani la kwanza la geti letu, Baba, ule upande mmoja uliosimama mpaka leo, ulilichomelea kabla ya Krismasi ile. Nikija nyumbani huwa napitisha kidole kwenye mishono yake nisione pa kuanzia wala pa kuishia. Krismasi ikaja, Mjomba akaleta kioo. Ulitoa kile chako cha zamani siku ile ile, mbele yake, kwa heshima. Nani angeiweka kando zawadi ya shemeji aliyoibeba kutoka Dar? Hata mimi nisingeweza. Na Pasaka iliyofuata ndipo yalipotokea yale ya madirisha ya kanisa. Kamati ikaikataa kazi yako, ikaita fundi mwingine ayarudie. Ulirudi nyumbani ukafunika mashine kwa gunia, ukasema macho yamekwisha, na jani la pili la geti likalala nyuma ya zizi halijamalizwa, na Mama akaanza kuanikia maharage juu yake.

Kati ya Krismasi na Pasaka, Baba. Macho ya mtu hayafi hivyo. Ulikuwa umefungwa kitambaa cheusi, na aliyekufunga alikupenda, na wewe ulikubali kufungwa kwa sababu ulimpenda. Hata mimi uliponirithisha kofia, ulinipa kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na ndani yake kulikuwa na giza lile lile. Hakuna mwenye kosa hapa. Mama, usimlilie Mjomba kwa hili. Angekuwepo angecheka kuliko Bi Hansa, halafu angedai ndiye aliyetufundisha.

Nikafuta uso nikarudi dukani. Bi Hansa hakuniuliza kama nimeona, alinitazama macho tu akajua.

"Nipe kingine kama hiki," nikamwambia. "Cha baba."

"Mzee ana umri gani?"

"Amepita sitini na tano. Na Mama ndiye anayemsomea barua."

Akapanda ngazi yake mwenyewe, akakataa nimsaidie, akashuka na kikaratasi. Ndani pana kioo cheupe kinachokuza, umbo lile lile. "Hiki kinakaa nyuma ya cheusi, upande wa macho," akasema. "Kila mzee anakihitaji, na hakuna anayekiomba. Huwa nawawekea kwenye mfuko kimyakimya." Baba, sijakuwekea kimyakimya kwa sababu mimi si Bi Hansa, mimi ni mwanao na sina uwezo wa kunyamaza. Akasema pia lazima ukapimwe macho hospitali, kioo si daktari. Sisemi macho yako ni ya kijana. Umri ni umri. Nasema hayajafa.

Kesho yake nikasaga kazi yangu yote mbovu kwenye lile geti, nikaanza upya. Nilikuwa naimba. Fundi Seif akaja, akainama, akagonga lile ganda jeusi la juu kwa nyundo ndogo, likabanduka lote kwa mpigo mmoja. Akapitisha kidole. Akarudi tena alipoanzia. Nikasubiri kuku wake.

"Nani kakufanyia hii?" akauliza.

"Mimi."

"Acha hizo, Mangi. Chomelea hapa nikuone."

Nikachomelea akiwa amesimama nyuma yangu. Nilipoinua kofia, Fundi Seif akainama tena, akapitisha kidole kwenye mshono uliokuwa bado wa moto. Halafu akasema, "Lete hiyo kofia." Akavaa, akapiga kijiti kimoja, akabaki ameinama chini ya kofia, kijiti kimeshaisha. Jumatatu tuliongozana karakana nzima kwenda kwa Bi Hansa. Tuliingia kiubavu mmoja mmoja, na Fundi Seif, ambaye kabla ya hapo alikuwa anavaa miwani ya jua na kugeuza shingo, akatangaza kwa sauti kwamba yeye siku zote alijua namba zina maana. Bi Hansa akamwambia, "Wewe hasa ndiye unatakiwa cha kukuza." Tulicheka mpaka wauza vitambaa wakatoka nje kuangalia.

Geti limesimikwa pale kwenye ghorofa, mwenye nyumba amelifungua na kulifunga na hakusema lolote baya, na kwa mtu wa Kariakoo hiyo ni sifa kubwa. Sijawekwa kwenye rangi. Sirudi kulima, Baba, usifurahi. Naamka asubuhi macho makavu, namwona Careen vizuri anavyonijia na meno yake.

Sasa kuhusu mfuko. Shemeji Baraka anapanda basi Ijumaa, anakuja kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wake, nimemwambia aje kwenu kabla hajafika kwake. Ndani utakuta kofia yako. Ndiyo, nakurudishia. Mimi nimenunua yangu, nyepesi, haina mafuvu wala haikonyezi. Kwenye yako nimeweka vioo vitatu: kile cheupe cha kawaida mbele ili cheche zisiharibu kingine, cheusi namba kumi katikati, na cha kukuza nyuma, karibu na macho yako. Usivibadilishe mpangilio, na usiongeze kingine cheusi juu yake kwa kuwa unaogopa. Shusha kofia kwanza, ndipo uguse. Ukisikia mchanga machoni kesho yake, nipigie, na safari hii uongee na mimi mwenyewe. Vipande vya Mjomba nimevifunga kwenye gazeti, ndani ya soksi, kama kilivyokuja. Mama atajua pa kuviweka.

Na Mama, najua ulishapanga pale mashine inapokaa uweke mapipa yako ya pombe ya mbege. Samahani sana. Na utafute pengine pa kuanikia maharage.

Nisalimieni Shangazi, mwambieni ukoo wetu una macho mazuri tu, awaombee wenye shida nyingine. Nisalimieni Dada Stela na mume wake, na Bibi, mumwambie kwa sauti kubwa karibu na sikio la kulia kwamba Prosper anamkumbuka. Mumsalimie na yule jirani yetu mwenye duka, na mumwambie deni la utani bado lipo. Yule mtu wa Moshi mjini nisalimieni pia. Mpeni chai, mpeni na ndizi, halafu mumwambie mashine ina kazi.

Baba, tunakuja wote Desemba. Nimeshawaambia kazini. Mwaka huu sitaki kupita kwenye lile pengo la jani la pili, wanapopita ng'ombe, kama tunavyopita siku zote. Nitasimama pale njiani, na mizigo yangu, na mke wangu, na mtoto wangu mgongoni, nitapiga hodi, na sitaingia mpaka uje wewe mwenyewe unifungulie geti, majani yote mawili.

Ni mimi mwanao anayeona,
Prosper